Usianze na Jani: Kutenganisha Kanzira, Sukuma na Jamaa Zake Shambani Ekero

Mvua za masika zikishapiga wiki mbili tatu, shamba la mboga lililo kando ya miwa huko Ekero, upande wa Mumias, huwa na miche ambayo hata aliyeipanda hawezi kuiapia. Kuna uliyoimwaga mwenyewe, kuna iliyoota kutokana na mbegu zilizodondoka msimu uliopita, kuna iliyokuja na samadi, na kuna magugu. Sehemu kubwa ya miche hiyo ni ya ukoo mmoja, ukoo wa haradali, wenye sukuma wiki, kabichi, kanzira, figili na haradali yenyewe. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: katika ukoo huu jani, ambalo ndilo kila mtu hulitazama kwanza, ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Anayetaka uhakika atazame pale jani linaposhikana na shina, kisha ua, kisha ganda la mbegu. Jani lenyewe aliache mwisho, na hata hapo aliulize maswali machache tu.

Mtu anaweza kuuliza faida iko wapi, ikiwa karibu mboga hizi zote zinaliwa. Faida ya kwanza iko kwenye uchumaji. Sukuma huchumwa jani moja moja kutoka chini kwa miezi mingi, lakini kanzira hukimbilia maua ndani ya miezi miwili au mitatu tangu kupandwa. Anayeichuma kanzira polepole kama sukuma hujikuta na mashina magumu na majani machache ya juu yaliyochachuka. Ya pili iko kwenye mbegu. Kanzira hutoa mbegu nyingi papo hapo shambani, ndiyo maana familia nyingi za Magharibi mwa Kenya zimejiwekea mbegu zake miaka yote. Sukuma huhitaji baridi ya muda ili ichanue, na baridi ya upande wa Mumias haitoshi, kwa hiyo mkulima hununua mbegu au huchomoa machipukizi ya mmea wa zamani na kuyapanda upya. Anayezichanganya mbili hizi husubiri mbegu isiyokuja, au huweka mbegu asiyoitaka.

Faida ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Wadudu na magonjwa hawajali jina tulilolipa mmea. Uozo mweusi, ule unaoanza kwa doa la manjano lenye umbo la herufi V ukingoni mwa jani, hushika sukuma, kabichi na kanzira vilevile. Vidukari vya kabichi na wale viwavi wadogo wa kijani wanaojining'iniza kwa uzi ukiligusa jani huhama kutoka mmoja hadi mwingine bila kusita. Mkulima akitoa sukuma na kuingiza kanzira palepale, akadhani amebadilisha mazao, ugonjwa umebaki mezani umeandaliwa sahani nyingine. Kubadilisha ni kutoka nje ya ukoo kabisa: kunde, maharagwe, mahindi, mrenda au mchicha, kwa angalau miaka miwili pale ambapo uozo mweusi umeonekana. Huwezi kutoka nje ya ukoo ambao huujui.

Kwa nini zinafanana hivi

Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U, aliyefanya kazi Japani, alichapisha maelezo yanayotusaidia mpaka leo. Alionyesha kwamba mazao makuu ya jenasi Brassica yanatokana na mimea mitatu ya asili: haradali nyeusi yenye jozi 8 za kromosomu, jamii ya kabichi na sukuma yenye jozi 9, na jamii ya tanipu yenye jozi 10. Mimea hiyo ilipandana yenyewe kwa yenyewe, na uzao wake ukabeba urithi kamili wa pande zote mbili. Haradali nyeusi na jamii ya kabichi zilizaa kanzira, yenye jozi 17. Haradali nyeusi na tanipu zilizaa haradali ya kahawia, jozi 18. Tanipu na kabichi zilizaa kanola, jozi 19.

Maana yake kwa mtu aliyesimama shambani ni hii: nusu ya kanzira ni sukuma. Si methali, ni hesabu ya urithi. Basi haishangazi kwamba jani la kanzira linaweza kuwa na rangi ya sukuma, mawimbi ya sukuma ukingoni, hata vile vipande vidogo kama masikio vinavyokaa juu ya kikonyo. Ongeza hapo kwamba sukuma yenyewe ina aina nyingi, nyingine zenye jani bapa na pana, nyingine zilizojikunja, na kwamba jani la mmea mmoja hubadilika kadiri mmea unavyokua na udongo unavyochoka. Mtu anayetenganisha kwa umbo la jani anapima kitu kinachobadilika zaidi ndani ya mmea mmoja kuliko kinavyobadilika kati ya mimea miwili.

Harufu nayo ina mpaka wake. Ukisaga jani la ukoo huu kati ya vidole, kemikali mbili zilizokaa mbali ndani ya chembe hukutana na kutoa ule ukali unaopanda puani. Ukali huo unakuambia ukoo, haukuambii ni nani ndani ya ukoo. Wapo waliokosea kwa njia hii na wakalipa kwa maisha yao, ingawa si watu. Katika misitu ya mashariki mwa Marekani, mimea ya ukoo huu ya jenasi Cardamine huchanua mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla miti haijafunga kivuli, na kipepeo mweupe aitwaye Pieris virginiensis hutaga mayai yake juu yake. Watu kutoka Ulaya walipopeleka huko mmea mwingine wa ukoo uleule, Alliaria petiolata, kipepeo huyo alianza kutaga kwenye huo pia, maana kwake unanukia sawa. Viwavi wake hufa. (Msitu wa Kakamega hauna msimu wa namna hiyo, kwa kuwa miti yake haipukutishi majani kwa pamoja. Huku kwetu jamaa za haradali hutafutwa shambani, kando ya njia na penye udongo uliochimbuliwa.)

Utaratibu wa kufuata

Chagua mmea mmoja uliokomaa, ikiwezekana wenye ua na ganda kwa wakati mmoja. Ukiwa na miche tu, acha michache isimame pembeni hadi ichanue. Hiyo ndiyo itakayokuhukumia mingine. Kisha fuata hatua hizi, bila kuruka.

1. Thibitisha ukoo kwanza. Ua la ukoo wa haradali lina petali nne zilizopangwa kwa umbo la msalaba, na stameni sita: nne ndefu, mbili fupi. Maji ya shina ni meupe ya kupitisha mwanga. Yakitoka kama maziwa, au yakiwa ya manjano, umeshatoka nje ya ukoo. Acha.

2. Fungua ganda lililokauka. La ukoo huu kwa kawaida hupasuka pande mbili kuanzia chini, na katikati hubaki utando mwembamba ulioshikilia mbegu. Ganda lisilopasuka, lenye vifundo na kiuno kati ya mbegu na mbegu, ni la figili au figili mwitu.

3. Tazama majani ya juu kabisa, yale yaliyo karibu na maua, na uulize: yana kikonyo au hayana? Ya kanzira huwa na kikonyo kifupi, au hupungua taratibu kuelekea shinani bila kulikumbatia. Ya sukuma na kabichi hukaa moja kwa moja juu ya shina, kitako kikiwa kipana. Ya tanipu hulizunguka shina kabisa, na ya kanola hulizunguka nusu. Katika hatua zote hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu haibadiliki sana kwa mbolea wala kwa ukame.

4. Pima ganda. La kanzira kwa kawaida ni la sentimita 3 hadi 5, lenye ncha fupi isiyo na mbegu. La sukuma ni refu zaidi, mara nyingi sentimita 5 hadi 10. Ukikuta maganda mafupi sana yaliyosimama wima na kujibana kwenye shina, hiyo ni haradali nyeusi.

5. Sasa rudi kwenye jani na uliulize habari ya nywele na nta. Pitisha kidole kwenye kikonyo na upande wa chini wa jani. Ukigusa nywele ngumu, hata chache, mmea huo si sukuma. Usipozigusa, hujathibitisha chochote, kwa sababu kanzira nyingi pia ni laini.

Hatua ya mwisho inastahili kusisitizwa, maana wengi huielewa kinyume. Kuwepo kwa nywele ni ushahidi. Kukosekana kwake si ushahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa umri wa maua. Mmea uliochanua Ekero ukiwa na wiki kumi hauwezi kuwa sukuma ya kawaida, kwa hiyo maua ya mapema yanaielekeza hukumu kwenye kanzira au haradali. Lakini mmea ambao haujachanua haujasema ni sukuma. Huenda ni kanzira ya aina inayochelewa, ambayo kwa mkulima ndiyo bora, kwa kuwa humpa majani kwa muda mrefu zaidi.

Miongoni mwa magugu, moja hukutana na mkulima mara nyingi kuliko mengine: Erucastrum arabicum. Lina majani yaliyochanika pembeni, maganda membamba, na maua madogo meupe au ya rangi ya malai. Udogo na weupe wa maua hulifichua mara moja likiwa karibu na kanzira, ambayo maua yake ni makubwa na ya manjano. Likiwa changa halifichuki kirahisi, na hapo ndipo uvumilivu wa kuacha michache isimame unapolipa.

Saga ni jamaa, ila si wa nyumba hiyo

Saga, ambayo Waluhya huiita tsisaka na Watanzania huiita mgagani, haichanganywi na kanzira na mtu yeyote aliyewahi kuipika. Jani lake limegawanyika vijani vitatu hadi saba, mara nyingi vitano, vyote vikitoka pahali pamoja kama vidole. Sababu ya kuitaja hapa ni kwamba wataalamu wenyewe walibishana juu yake. Uainishaji wa kimataifa wa mimea ya maua uliotolewa mwaka 1998 uliitia ndani ya ukoo wa haradali. Ule wa mwaka 2009 ukaitoa na kuipa ukoo wake wa jirani. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Saga ina petali nne, stameni sita, ganda refu linalopasuka pande mbili, na kemikali za jamii ileile inayotoa ukali. Lakini tazama ua lake kwa karibu: stameni hazitoki kwenye kitako cha ua. Zimepandishwa juu ya kijiti chembamba, petali zimebaki chini, na ganda changa limesogea juu zaidi, kwenye mwendelezo wa kijiti hichohicho. Haradali haina mjengo huo.

Kijiti hicho ndicho pia kinachotenganisha saga na binamu zake wa porini. Mmoja, Cleome monophylla, una jani moja lisilogawanyika na maua ya waridi. Mwingine, Cleome viscosa, una maua ya manjano na unanata mkononi. Yote miwili ina vijani au petali zinazoweza kumdanganya mwenye haraka, lakini hakuna wenye kile kijiti kirefu kilichobeba stameni. Rangi ya shina isikusumbue: kuna saga ya shina la kijani na ya shina la zambarau, zote ni saga. Na kwa kuwa swali la kutenganisha saga na bangi huulizwa kwa kunong'ona, jibu lake ni hili: kijani cha bangi kina meno makali ukingoni kama msumeno, na ua lake halina petali za kuonekana.

Je, saga inaweza kutumika kupumzisha shamba lililochoshwa na sukuma? Kwa ujirani wake na ukoo wa haradali, na kwa kuwa wadudu wengi wa ukoo huo hufuata kemikali hizohizo, ni busara kutoihesabu. Ipande kwa faida yake yenyewe, ila kupumzisha udongo waachie kunde na mahindi.

Pingamizi mbili

Ya kwanza itatoka kwa mnunuzi. Sokoni Ekero mboga iko kwenye fungu, imefungwa kwa kamba ya mgomba, haina ua wala ganda. Hatua nne za kwanza zitamsaidia nini? Pingamizi ni la haki, na jibu ni kwamba kwenye fungu tunatafuta uwezekano mkubwa zaidi, hatutafuti hukumu. Geuza jani. Sukuma ni nene, ina ukungu wa nta, na tone la maji hubingirika juu yake bila kulowesha. Kanzira ni nyembamba na laini zaidi, nta yake ni kidogo, na hunyauka upesi jua likipanda. Kata kipande kidogo na utafune: ukali wa kanzira huja kwanza na kukaa, wa sukuma ni hafifu. Kisha tafuta ndani ya fungu ncha yenye vitumba vya maua. Mama mboga wengi huziacha humo kwa sababu za kanzira ni laini na zinaliwa, na ncha moja ya namna hiyo ina majani ya juu ya kutosha kukurudisha kwenye hatua ya tatu. Pamoja na hayo, muulize muuzaji. Aliyeipanda anajua alichopanda.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Akina mama na bibi wa sehemu hizi wametenganisha mboga hizi kwa jicho tangu zamani, bila kuhesabu stameni, na hawakukosea. Ni kweli, na hakuna haja ya kubishana nao. Ila ujuzi wao haukuwa wa jani peke yake. Walijua mbegu imetoka chungu gani, ilimwagwa kona ipi ya shamba na mwezi gani, na mmea uliota ukiwa na historia inayojulikana. Jicho lilikuwa linathibitisha jambo lililokwisha kujulikana. Siku hizi mbegu huja kwa pakiti kutoka mbali, kwa kijiko sokoni, au kwa jirani aliyenunua kwa jirani, na historia ile imekatika. Utafiti wa mboga za kienyeji nchini Kenya, ambao Profesa Mary Abukutsa-Onyango ameutumikia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Maseno na kisha cha Jomo Kenyatta, umeweka mkazo mkubwa kwenye mbegu. Mazao hafifu ya kanzira na saga mara nyingi huanzia kwenye mbegu mbovu au iliyochanganyika, kabla mkulima hajashika jembe.

TAHADHARI: mbegu za manjano na nyeusi za dukani na za kuokota

Usikaange wala kukamua mafuta ya mbegu za "haradali" ulizokusanya mahali penye Argemone mexicana. Hilo ni gugu la miiba lenye maua ya manjano, jani lenye mishipa myeupe, na maji ya manjano likikatwa. Mbegu zake ndogo nyeusi hufanana na za haradali. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya gugu hili yaliua watu zaidi ya 60. Tofauti yake inaonekana ukiinua mbegu karibu na jicho: ya Argemone ina mikunjo ya wavu juu na kichembe kilichochongoka upande mmoja. Ukikuta hata chache ndani ya mbegu za kula, mwaga zote. Gugu lenyewe ling'olewe kabla halijafungua vibweta vyake, kwa mkono wenye kinga.

Ukishatambua, weka mbegu safi

Ukiwa umepata mimea ya kanzira isiyo na shaka, funga kitambaa kwenye kumi au zaidi iliyochelewa kuchanua na yenye majani mapana, na usiichume tena. Hapa wengi hufanya kinyume. Huchuma mimea mizuri hadi iishe, kisha huweka mbegu ya ile iliyobaki, yaani iliyokimbilia maua mapema na kutoa majani haba. Baada ya misimu michache ya uchaguzi wa namna hiyo, kanzira ya nyumba nzima huwa ya kuchanua upesi, na lawama hupewa udongo. Ng'oa pia haradali na kanzira nyingine zote zilizo karibu kabla hazijafungua maua, kwa sababu nyuki hawabagui.

Maganda yakigeuka rangi ya manjano lakini kabla hayajapasuka, kata matawi asubuhi wakati umande ungalipo, yasije yakamwaga mbegu njiani. Yaanike kivulini juu ya gunia, yapige taratibu, pepeta. Kabla ya kuweka, pitia orodha hii:

☐ Kila mmea ulipita hatua ya tatu, ya majani ya juu.
☐ Hakuna ganda lenye vifundo la figili lililoingia.
☐ Hakuna mbegu yenye wavu ya Argemone.
☐ Mbegu ni kavu kiasi kwamba haipondeki ukiibana kwa ukucha.

Mbegu za saga weka kando, na usizimwage mara tu baada ya kuvuna. Hulala kwa miezi kadhaa, na anayezipanda mapema huona chache zikiota na kudhani zimekufa. Utazijua kwa kuwa ni mviringo wenye mkunjo na ngozi ya kukwaruza. Za kanzira na za sukuma ni punje laini za duara ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha, kwa hiyo andika jina, shamba na mwezi juu ya chupa siku ileile unayoifunga.